Jiwe Nililopigia Picha

Sawa Pendo, watanicheka. Hukuwa na haja ya kuniambia mara tatu pale mlangoni huku umeshika ufunguo wa studio kama askari wa zamu. Walishanicheka masika haya haya, wakanipa na jina, na bado naenda sokoni nanunua nyanya zangu narudi nyumbani mzima. Kuchekwa nimezoea. Ila lile neno lako la mwisho, eti mtu akishakosea mara moja anyamaze, hilo silikubali. Nilikosea, ndiyo. Lakini nilikosea upande tu. Kuna kitu kilihama, na kilihama kweli.

Halafu ukasema mtu wa miaka ishirini na saba hastaafu. Mimi nimestaafu. Nimefanya kazi miaka minane kwenye chumba kimoja, nimekukabidhi kamera, taa, mkasi na kitambaa cha kufutia lenzi, na mstaafu ana haki ya kuandika kumbukumbu zake hata kama hajaota mvi. Hizi ni zako, na za yeyote utakayemfundisha baadaye. Soma leo hii mpaka mwisho, mdogo wangu, usiache. Kesho ni Jumatatu, na mama yako atabeba nyundo aende kuponda mawe chini ya mlima na wenzake, kama kila Jumatatu. Mlima ule unateremka. Nataka uniamini kabla hajatoka nyumbani. Kwa kelele hutaniamini, maana leo nimepiga kelele ukanifungia mlango. Kwa hiyo nakuandikia jinsi nilivyofundishwa kuona, halafu utaamua mwenyewe.

Nilitoka Mhunze na cheti cha kidato cha nne ambacho hakimtishi mtu. Kwetu ardhi imelala. Ukipanda kichuguu unaona ng'ombe wa jirani wa tano. Nilipofika huku kwa shangazi, upande huu wa Nyarugusu, wenzangu walishangaa dhahabu, mimi nilishangaa vilima. Kila ukigeuka kuna kitu kimesimama mbele yako. Nikawa nasema "mlima, mlima," watu wananirekebisha, "Kabula, hicho ni kilima tu." Mimi mpaka leo nasema mlima. Atakayeupanda na ndoo kichwani ataniunga mkono.

Siku ya kwanza studio nilimkuta Mama Shani kwenye stuli anakata picha za pasipoti. Wewe umemkuta mpole, magoti yanamsumbua, anakuja mara moja kwa wiki kukagua. Wakati ule alikuwa moto. Mwanamke wa Ujiji, mtandio kichwani, miwani kwenye ncha ya pua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unajua kupiga picha?"

"Najua. Napiga kwa simu."

"Basi hujui. Ufagio uko nyuma ya mlango."

Nilifagia wiki tatu. Nilikuwa nimekasirika kila siku, nikidhani ananitesa. Baadaye nikaelewa kwamba adui wa studio yetu ni vumbi la karasha, zile mashine za kusagia mawe. Linaingia kwenye lenzi, kwenye printa, kwenye pazia, kwenye chai. Mpiga picha asiyejua kufagia hapa atatoa watu wote wana madoa usoni kama wana surua. Kitambaa nilichokuachia ni kipande cha kanga yake kuukuu, kimefuliwa mpaka kimekuwa laini kama sikio la mbuzi. Usikitumie kufutia meza. Nilikuona jana.

Wiki ya nne akanionyesha nyayo. Unazijua zile nyayo mbili nyeupe zilizopakwa rangi sakafuni, mteja anaposimama. Kila mtu anazijua. Lakini kuna nyingine mbili, za mpiga picha, zimefichwa na miguu ya stendi ya kamera. Akaniambia nisimame hapo, nisisogee hata kidole.

"Mama, mi sihitaji alama. Naona kwa macho."

"Unaona nini?"

"Namuona mteja."

"Mimi nawaona wote wanaorudi kesho na picha mkononi, mmoja kichwa kikubwa, mwingine kichwa kidogo, na ofisi imewarudisha wote. Mteja anahama, Kabula. Anatikisika, anapiga chafya, anamtazama mtoto. Wewe usihame. Ukihama wewe, hutajua nani kahama."

Nilichukia sana. Nilikuwa na haraka, bado ninayo. Lakini nikasimama hapo hapo miaka minane.

Nyuma ya mteja kulikuwa na lile pazia lililochorwa, mlima wenye theluji, maporomoko ya maji, na bata wawili weupe wanene kuliko mashua yao. Wachimbaji wanalipenda. Mtu anatoka duarani, shimo refu kuliko mnazi, ana matope mpaka kwenye nyusi, anaazima koti letu, anasimama mbele ya theluji na mabuti ya mpira, anasema, "Dada, mlima utokee wote." Na dirishani kwetu kuna mlima wa kweli, umepigwa na jua la saa nne, hakuna anayeutazama. Nilimuuliza Mama Shani kwa nini tusiwatoe nje. Akasema nje kuna jasho na mbuzi. Nyumbani kwao wanataka wamuone kijana wao kwenye baridi.

Kazi ngumu hukuiona bado, na sitaki uione, ila itakuja. Inaitwa picha ya msiba. Watu wanaingia kimya, watatu au wanne, wanavua kofia. Wanatoa simu. "Dada, tunaomba utusaidie, hatuna picha yake nyingine." Kwenye simu kuna vijana kumi kwenye sinia la wali, na yule mmoja ameinama, mdomo umejaa, macho yamefumba kwa kicheko. Hiyo ndiyo unatakiwa uikate, uivalishe suti, uipe macho. Ya kwanza nilikaa nayo mchana mzima. Mama yake alikuja kuichukua, akaitazama, akasema, "Wabeja, asante mwanangu. Lakini huyu si wangu, huyu ni karani." Nikairudisha kwenye sinia la wali. Nilimuachia kicheko chake. Akaipokea kwa mikono miwili.

Baada ya hapo nikawa mjinga kidogo. Kila mchimbaji akiingia kuchukua pasipoti namwambia, "Kaka, piga na moja nzuri, maana huwezi jua." Wateja wakaanza kutoka mbio. Mama Shani akaniweka chini. "We mtoto, unawapigia watu picha za maiti wakiwa hai? Funga mdomo. Ukitaka kuwatisha, nenda kawatishe ndege huko mlimani." Alisema kwa hasira. Mimi nikaenda.

Ndiyo asili ya matembezi yangu. Jumapili nikitoka kanisani nachukua kamera, kwa ruhusa, napita nyuma ya studio, naacha kushoto pale akina mama wanapopondea mawe, napanda. Robo saa kwa mwendo wangu, nusu saa kwa mwendo wako. Katikati ya mteremko kuna jiwe pana limetokeza kwenye nyasi kama kitanda. Ukisimama pale hutazami chini moja kwa moja, unatazama pembeni, bonde zima kwa urefu wake. Mabati ya kitongoji yako chini ya mkono wa kulia. Mbele kidogo, ng'ambo ya korongo, kuna duara na nguzo zake mbili za winchi wanayoshushia watu na kupandishia mawe. Mbali zaidi kwenye mgongo wa kilima kingine kuna mgunga mmoja peke yake. Nyuma ya mgunga, vilima vya upande wa Runzewe, bluu juu ya bluu, mpaka hujui mlima umeishia wapi na mawingu yameanzia wapi. Mvua ikikata asubuhi, vile vya mwisho vinaonekana karibu mpaka unataka kunyoosha mkono. Pendo, mimi mtu wa Mhunze nilikaa pale nikasahau njaa.

Na kwa sababu nilishaharibiwa na Mama Shani, nikapanda na kopo la rangi nyeupe iliyobaki. Nikapaka nyayo mbili juu ya jiwe. Nikawa nasimama hapo hapo kila Jumapili, lenzi ile ile, nguzo ya kushoto ya winchi imeuficha mgunga kabisa, shina nyuma ya nguzo, ndiyo alama yangu kwamba nimesimama sawa. Wiki kwa wiki, kiangazi na masika. Ukizipanga unaona mlima unavaa na kuvua. Kijani, manjano, weusi wa moto, kijani tena. Niliziweka ukutani studio, na siku moja mchimbaji mmoja akaziangalia mpaka chai yake ikapoa, akasema, "Kumbe tunakaa mahali pazuri hivi na hatujui." Hiyo nimeihesabu kuwa cheo changu. Vingine sivitaji.

Sasa sikiliza kisa cha stendi, maana bila hicho hutaelewa nilichokiona Alhamisi. Mwaka wa pili au wa tatu, siku ya foleni ya wanafunzi, kila picha kichwa kilikuwa kimesogea kushoto ya ule mlima wa pazia. Nikawagombeza wanafunzi wote. "Simama kwenye nyayo! Wewe, nyayo! Huoni nyayo?" Mmoja akalia. Mama Shani akaja, hakumtazama mwanafunzi hata mmoja. Alitazama picha tano kwa mpigo, halafu akainama chini ya kamera. Mguu mmoja wa stendi ulikuwa umeteleza kwenye maji ya kufagilia. "Mmoja akikaa vibaya," akaniambia, "ni yeye. Wakikaa vibaya wote upande mmoja, ni wewe." Nikaomba radhi kwa darasa zima. Nikadhani nimejifunza.

Masika haya, unakumbuka mvua ile ya wiki mbili. Jumapili ikakatika, nikapanda, nikapiga. Jumatatu asubuhi nikaweka picha kwenye kompyuta karibu na ya mwezi uliopita. Mgunga ulikuwa umetoka nyuma ya nguzo. Kati ya shina na nguzo kulikuwa na mwanga, mwembamba, upana wa njiti ya kiberiti. Miaka yote nguzo imeuficha, leo unachungulia. Sikukaa hata dakika tano. Mti wa miaka mingi hauhami, nikasema, iliyohama ni nguzo. Na nguzo ikihama, mdomo wa duara unakwenda, na chini kuna watu.

Nilikimbia. Yaliyobaki unayajua kwa kusimuliwa, ila waliokusimulia wameongeza chumvi. Duara lilikuwa kwenye uzalishaji, mwamba umefikiwa, mbuzi wa tambiko ameshachinjwa, na kamba imefungwa kuzunguka. Siku hizo mwanamke havuki kamba. Wanasema jiwe lenye dhahabu linakimbia. Msimamizi Masanja alikuwa amekaa juu ya gunia anakula muhogo.

"Dada Kabula, simama hapo hapo."

"Watoe watu! Nguzo imehama!"

"Nani kakwambia?"

"Picha!"

"Picha imekwambia." Akawageukia wenzake. "Jamani, picha imemwambia."

Nikavuka kamba. Mpaka leo naona miguu yangu inavuka. Wakanitazama wote kama nimemvua mtu nguo. Lakini waliogopa, kwa mbuzi wao au kwa maneno yangu sijui, na winchi ikaanza kupandisha. Mmoja mmoja wakatoka, macho yamekunjwa kwa jua, saba wote. Masanja hakunipiga. Alifanya kitu kibaya zaidi. Alimwita fundi wa matimba, yule anayepanga magogo ya kuzuia kuta, aje na timazi. Fundi akaning'iniza ile risasi yake kwenye nguzo, uzi ukatulia. Nguzo imenyooka kama siku iliyosimikwa. Wakapima na ya pili. Imenyooka. Wakashuka kutazama matimba. Hakuna hata gogo lililolia.

Shifti ikapotea, mbuzi mwingine akanunuliwa, na mimi nikaitwa Dada Timazi kuanzia siku ile. Watoto wa shule ya msingi wanasimama nikipita, wananing'iniza kiatu kwa kamba, "Dada Timazi, nimenyooka?" Hilo naliweza. Nisiloliweza ni kwamba wachimbaji waliacha kuingia studio nikiwa mimi ndiye nimeshika kamera. Wanachungulia, wananiona, wanapita. Mama Shani hakunifukuza. Alikaa tu kwenye stuli yake siku nzima bila kukata picha hata moja, na jioni nikamwambia, mama, mfundishe Pendo, mimi nastaafu. Akasema, "Ulikuwa na haraka." Nikasema ndiyo. Hiyo ndiyo sherehe yangu ya kuagwa.

Alhamisi iliyopita nilikuja kukuazima kamera, ukanipa na masharti kama mimi ndiye mwanafunzi. Nilitaka picha ya mwisho ya bonde, ya kuweka chumbani. Nikapanda, nikasimama kwenye nyayo, nikaangalia kwenye kioo. Mgunga sasa uko mbali na nguzo, upana wa kidole. Nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Nguzo imepimwa, imenyooka. Basi mti unatembea?

Nikarudi studio, wewe ulikuwa na mteja. Nikapanga picha tano kwenye kompyuta, na safari hii sikutazama mgunga. Nilitazama vingine vyote. Paa la karasha na kilima kilicho nyuma yake. Msalaba wa kanisa na mnara wa simu. Kontena la soda na mti wa mwembe nyuma yake. Pendo, vyote vimehama. Vyote upande mmoja. Vya karibu vimehama sana, vya mbali kidogo, na Runzewe iko palepale. Nikasikia sauti ya Mama Shani akiinama chini ya stendi.

Duara halijahama. Nimehama mimi. Nyayo zangu nyeupe ziko juu ya jiwe, miguu yangu iko juu ya nyayo, na jiwe zima linateremka nikiwa juu yake.

Nilirudi mlimani siku ile ile. Nyuma ya jiwe, hatua kama ishirini juu, mahali ambapo sijawahi kwenda kwa sababu mandhari iko mbele, kuna ufa kwenye nyasi. Umezunguka kama upinde, unaanzia upande wa korongo unaishia kwenye mkonge. Nyasi zimeufunika, ukipita haraka unaukanyaga. Nilitia mkono mpaka bega, sikugusa chini. Mizizi imevutika kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, imekaza. Nikachomeka vijiti viwili, kimoja kila upande, nikafunga uzi wa katani kati yake, umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ijumaa ilinyesha. Jumamosi uzi ulikuwa umenyooka. Leo baada ya ibada nimeukuta umekatika.

Na chini ya upinde ule, chini ya jiwe langu, ni nini? Unajua. Ni ule ukuta wa udongo na mawe ambao watu wameumega miaka yote kutoka chini, na kwenye kivuli chake wanakaa mama yako na wenzake. Wiki mbili hizi nimewasikia wakifurahi. Mawe yanashuka yenyewe, hawahitaji kuyafuata. Mama yako mwenyewe aliniambia juzi, "Mungu anatuletea mpaka miguuni." Nilimwitikia amina, nikapita. Sikujua.

Leo mchana nilianza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa anafunga baiskeli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ah, Timazi! Leo nani kahama?"

Nikamweleza. Alisikiliza, nampa haki yake, hakunikatisha. Halafu akasema Jumatano atapata nafasi, atakuja na watu wawili, wataangalia, na nikitaka nimwandikie barua. Nikamwambia mvua iko njiani, atazame kule. Akatazama. Akasema wingu lile ni la Bukombe.

Nikaenda kwa mama yako. Alinikaribisha, akanipa kigoda, na alinisikiliza vizuri kuliko mwenyekiti. Nikamwonyesha picha tano kwenye simu. Akazisogeza kwa kidole, moja, mbili.

"Nzuri. Hii ya kijani nzuri sana. Sasa nitazame nini?"

"Huu mti, mama. Na hii nguzo."

"Naona mti. Naona nguzo." Akanirudishia simu. "Mwanangu, pale hakuna mwenye hati. Hati yako ni kukaa. Ukikosa siku moja, ukirudi unakuta mwingine amekaa na amekunja miguu. Nafasi ile nimeikalia tangu Pendo ananyonya. Wewe wale wanaume ulishawatoa shimoni, nini kilianguka?"

"Hakikuanguka kitu."

"Ee."

Aliendelea kuchambua mchele. Nikatoka pale nikaja kwako studio, na kwako nilipandisha sauti, naomba radhi kwa hilo. Ulisema, "Da Kabula, unataka mama akose nafasi kwa sababu ya mti?" Halafu ukasema yale mengine.

Nimekaa sasa na daftari, na nimeona kosa langu la leo. Nimezunguka kitongoji kizima na picha. Picha zinamwambia kitu mtu aliyesimama kwenye nyayo zile miaka yote. Mama yako hajawahi kusimama pale. Kwake ni picha za mti. Hata wewe, uliyekaa nazo ukutani mwezi mzima, umeniuliza ipi ni ya zamani. Nilitaka macho yangu yawe ya kila mtu kwa jioni moja. Haraka tena.

Mawingu yameshafunika vilima vya nyuma. Nikitazama dirishani hapa, Runzewe haionekani kabisa.

Basi nimeamua hivi. Kesho asubuhi kamera itabaki studio, na simu nitaiacha kitandani. Saa kumi na moja na nusu nitakuwa mlangoni kwenu, kabla mama hajawasha moto wa uji. Nitapiga magoti, nitamwamkia "Mwangaluka, mayu," na sitataja mti wala nguzo. Nitamwomba kitu kimoja, achukue mpini mrefu wa jembe lake, tupande wote wawili kwa njia ya juu, tusipite chini ya ukuta, na akifika autie kwenye ufa kwa mkono wake mwenyewe. Ukigusa chini, nitapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na mtanitafutia jina jingine. Usipogusa, atakayeshuka kuwaambia wenzake ni yeye, mwenye nafasi ya zamani kuliko wote, na yeye hawatamcheka. Wewe nakuomba usimame pale kwenye kontena la soda, wanapopita wote na nyundo zao, uwashike kwa maneno yoyote mpaka tushuke. Waulize habari za watoto. Waongopee.

Daftari hili nalipitisha sasa hivi chini ya mlango wenu pale nyumbani. Kesho nikibisha hodi, ufungue wewe.